Usaili wa fildi umekwisha, simu hailii: namna ya kuulizia jibu

Kuanzia mwezi wa tano hivi, wanafunzi wa vyuo nchini Tanzania huanza kuzunguka na barua za kuombea nafasi za mafunzo kwa vitendo, maana fildi za vyuo vingi huangukia kati ya Julai na Oktoba. Kuna ofisi ambazo bado inatosha kuacha barua ya chuo masijala na kurudi baada ya siku kadhaa kuchukua jibu. Lakini benki, kampuni za simu na mashirika mengi huita waombaji kwenye usaili kwanza. Wahitimu wanaotafuta intanshipu ya miezi sita au mwaka hupita mlango huohuo.

Wengi hujiandaa vizuri kwa maswali, wakaingia, wakajibu, wakatoka wakijiamini. Kinachowashinda ni zile wiki za kusubiri. Mmoja anakaa kimya mpaka nafasi inampita. Mwingine anapiga simu kila asubuhi mpaka dada wa mapokezi anaikariri namba yake. Wote wawili wanadhani kuulizia ni kuomba upya. Sivyo. Unapoulizia, unamrahisishia mtu mwenye shughuli nyingi akutambue haraka na akujibu bila kuhangaika. Kila sentensi utakayoandika ipime kwa hilo.

Shughuli yenyewe inaanzia ndani ya chumba cha usaili. Jopo likikuambia, "Una swali lolote?", usitikise kichwa. Uliza: "Naomba kujua majibu yanatarajiwa kutoka lini, na nikihitaji kuulizia niwasiliane na nani?" Hakuna msaili anayechukizwa na swali hilo, na jibu lake litakuondolea nusu ya wasiwasi wako. Ukitoka, kabla hujafika getini, andika tarehe uliyotajiwa, jina la afisa na cheo chake. Kama hukulisikia jina vizuri, pita mapokezi uulize linavyoandikwa. Kumwandikia "Bi" mtu ambaye ofisi nzima inamwita "Dkt." ni kosa dogo, ila hukumbukwa.

Ujumbe wa shukrani utume siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi. Sentensi tatu zinatosha: ahsante kwa muda wenu, jambo moja mlilozungumza lililokuvutia, na kwamba upo tayari wakihitaji nyaraka zaidi. Kusema kweli, ofisi zetu nyingi haziutarajii ujumbe huu na hakuna atakayekukata kwa kutoutuma. Faida yake ni kwamba jina lako na namba yako vinakaa kwenye barua pepe ya afisa, mahali pa kuvipata akivitafuta.

Kisha kimya. Hapa ni vizuri ujue kinachoendelea huko ndani, kwa sababu mara nyingi ukimya huo hauna uhusiano na wewe. Wasaili wakishajumlisha alama, afisa rasilimaliwatu huandika dokezo kwenda kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara yuko safarini. Akirudi, anataka kujua kama ipo meza, ipo kompyuta, na yupo mtu wa kumsimamia mwanafunzi, maana kuna kitabu cha kumbukumbu za fildi cha kusaini na msimamizi kutoka chuoni wa kumpokea. Kama kuna posho, hata ikiwa ni ya nauli tu, karatasi inapita uhasibu nako. Kwenye taasisi za serikali mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo wiki za mwisho za Juni, ambazo wewe unaziona ndefu, uhasibu unahangaika kufunga hesabu. Mwisho kabisa, aliyeongoza kwenye orodha ndiye anayepigiwa kwanza, na wa pili haambiwi lolote mpaka wa kwanza akubali au akatae. Huyo wa pili anaweza kuwa wewe. Ukimkera afisa wakati huo, utakuwa umejitoa mwenyewe kwenye orodha.

Kwa hiyo uulizie lini? Kama ulitajiwa tarehe, iache ipite, uongeze siku mbili tatu za kazi. Kama hukutajiwa, subiri kati ya wiki moja na mbili. Hesabu siku za kazi tu, na kumbuka kwamba Saba Saba na Nane Nane ni sikukuu za umma na zote zinaangukia msimu wa fildi. Jumatatu asubuhi ofisi nyingi zina vikao; Ijumaa mchana wengine wako msikitini na wengine akili imeshafika wikiendi. Jumanne hadi Alhamisi, mnamo saa nne asubuhi, ndio muda wenye nafuu. Ofisi za serikali hufunga saa tisa na nusu alasiri, na anayepiga saa tisa na robo hujibiwa na mtu aliyekwisha kubeba mkoba.

Sasa ujumbe wenyewe. Aina hii inajulikana na kila aliyewahi kukaa kitengo cha rasilimaliwatu:

"Habari bosi. Samahani kwa usumbufu, mimi ni yule kijana niliyekuja kwenye intavyuu wiki iliyopita. Naulizia imefikia wapi maana nahitaji sana hii nafasi, nyumbani hali siyo nzuri, naomba unisaidie."

Adabu ipo, lakini haujibiki. Kijana yupi, kati ya waliokuja wiki hiyo? Nafasi ipi? Afisa itabidi aanze kutafuta, na asiye na muda wa kutafuta huuacha ujumbe kwa ajili ya baadaye. Halafu kuna hilo la hali ya nyumbani. Linaweza kuwa kweli tupu, lakini linamweka afisa mahali pabaya: akikujibu "bado" ataonekana hana huruma, kwa hiyo anaona heri anyamaze. Linganisha na huu:

"Ndugu Afisa Rasilimaliwatu,

Habari za kazi. Nilifanyiwa usaili ofisini kwenu Jumanne, tarehe 10 Juni, kwa nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika Idara ya Uhasibu. Tulielezwa kuwa majibu yangetoka ndani ya wiki mbili. Naomba kufahamishwa kama uamuzi umeshafikiwa, na kama bado, ni lini naweza kuulizia tena. Chuo kinatutaka tuwasilishe jina la kituo cha fildi kabla ya tarehe 4 Julai. Nimeambatisha tena barua ya utambulisho kutoka chuoni.

Ahsante."

Chini yake weka jina kamili, kozi, mwaka wa masomo, chuo na namba ya simu inayopatikana. Afisa akiusoma anajua wewe ni nani, anajua faili lipo idara gani, na anaweza kukujibu kwa mstari mmoja akiwa kwenye foleni ya chai. Ile tarehe ya chuo ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote: inamwambia kuna haraka bila wewe kulalamika. Iwe ya kweli tu, kwa sababu namba ya mratibu wa mafunzo kwa vitendo huwa ipo kwenye barua ya chuo na anaweza kupigiwa.

Jibu palepale kwenye barua pepe waliyokuitia usaili, usifungue mpya, ili mazungumzo yote yakae pamoja. Lugha ifuate waliyoanza wao. Kama wito ulikuja kwa Kiingereza, andika Kiingereza chepesi unachokimudu. Kama ni barua ya karatasi kwa ofisi ya umma, iandikwe kwa mkuu wa taasisi, iwe na "YAH:" na namba ya kumbukumbu ya barua yao, na masijala wakugongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Huko kwenye karatasi hata lile "husika na kichwa cha habari hapo juu" liache lilivyo. Wazee wa masijala wamelizoea. Kwenye barua pepe linakula nafasi bure.

WhatsApp itumie ikiwa wao ndio waliokuandikia huko kwanza. Usitume ujumbe wa sauti, na usiulize kwa nini umesomwa bila kujibiwa.

Wiki ikipita bila jibu, piga simu. Usipige ukiwa ndani ya daladala, na hakikisha salio halitakata katikati. Anza na salamu, na ukisikia sauti ya mtu mzima, shikamoo haijawahi kumharibia mtu. Kisha nenda moja kwa moja: jina, tarehe ya usaili, idara, swali. Ukiambiwa "bado", usiulize "kwa nini?". Uliza, "Naweza kuulizia tena lini?", shukuru, kata. Anayepokea simu mapokezi mpe heshima ileile ungempa meneja. Mara nyingi yeye ndiye anayejua kama mkuu wa idara amerudi safari, na yeye ndiye anayeamua simu yako ihamishiwe wapi.

Kwenda mwenyewe kunategemea mahali. Katika halmashauri za wilaya na ofisi za miji midogo, kufika saa nne na kitambulisho cha chuo ni jambo la kawaida, tena huzaa matunda kuliko barua pepe. Kwenye majengo ya Posta, Dar es Salaam, ambako unaanza kwa kusimamishwa na mlinzi na kuandika jina kwenye daftari, usiende bila miadi.

Na mjomba anayefanya kazi palepale? Kumuuliza kama majibu yameshatoka hakuna ubaya. Kumwomba "akusogezee faili" ni kumtia yeye na afisa mwenzake kwenye deni ambalo hujui litalipwa vipi. Mimi ningemwacha mjomba apumzike.

Ukiandika mara moja, ukapiga simu mara moja, kisha ukatuma ujumbe mmoja wa mwisho, umetimiza sehemu yako. Muda wote huo endelea kuomba kwingine. Nafasi nyingine ikipatikana kabla ya jibu la kwanza, waambie wale wa kwanza ukweli na uwape siku: umepata nafasi, unatakiwa kujibu kufikia Ijumaa, na bado ungependa kujua uamuzi wao. Ukishakubali mahali, wajulishe wengine wote siku hiyohiyo ili nafasi iende kwa mwingine.

Utaratibu huu haufanani na ule wa ajira za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Huko matokeo ya usaili na majina ya walioitwa kazini hutolewa kwenye mfumo na tovuti yao, na anayepiga simu huelekezwa hukohuko.

Jambo moja halina mjadala: mtu akikutaka fedha ili "kusukuma" jibu, au akikutaka kimapenzi, hapo huulizii tena. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Tunza ujumbe wote, usifute hata mmoja, na upigie TAKUKURU namba 113, bila malipo. Meseji ya namba usiyoijua inayokupongeza kwa kupata nafasi na kudai hela ya fomu au ya vipimo vya afya ni ya matapeli. Ipeleke kwenye namba 15040, kisha uhakikishe kwa kupiga namba ya ofisi iliyokusaili, ile iliyoko kwenye tovuti yake.

Jibu likija na likawa "hapana", nalo lijibu: shukuru, na uliza dirisha lijalo la maombi linafunguliwa lini. Wanafunzi huhama vituo wiki ya kwanza, mwingine amepata karibu na nyumbani, mwingine kapata penye posho. Afisa anayebaki na meza tupu hatangazi upya. Anarudi kwenye orodha ya waliosailiwa na kumpigia yule anayemjua kuwa bado anahitaji nafasi. Kwa hiyo ukibadilisha laini ya simu mwezi huo, watumie namba mpya.