Kuvua Perege Mafinga Miezi ya Baridi

Mji wa Mafinga, wilayani Mufindi, uko karibu meta 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi hubana, na asubuhi nyingine sakitu huonekana kwenye majani ya mabondeni. Mvuvi wa ndoano anayekwenda bwawani alfajiri miezi hiyo huweza kurudi mikono mitupu, ingawa bwawa hilohilo lilimpa perege wa kutosha Novemba. Samaki hawakuhama, kwa kuwa bwawa halina pa kuhamia. Ili kujua wanafanya nini, tuanze na mwili wa samaki mwenyewe.

Mwili wa binadamu hujitengenezea joto na kulitunza karibu nyuzijoto 37, kuwe na baridi au jua. Perege hana uwezo huo: halijoto ya mwili wake hufuata ile ya maji. Usagaji wa chakula ni kazi ya kikemia inayoendeshwa na vimeng'enya, na kazi za namna hii hupungua kasi kadiri mwili unavyopoa. Kwa makadirio, halijoto ikishuka kwa nyuzi 10, kasi hubaki nusu au chini ya hapo. Perege hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hamu ya kula hupungua, karibu na 16 huacha kula karibu kabisa, na maji yakikaa chini ya 11 kwa siku kadhaa huweza kufa. Kwa hiyo perege aliye kwenye maji ya nyuzi 17 hana njaa kubwa. Alichokila jana bado kimo tumboni.

Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila tunapopanda meta 1,000. Bwawa la Mtera liko karibu meta 700 tu juu ya bahari, hivyo hewa yake huwa na joto kuliko ya Mafinga kwa kiasi cha nyuzi 8. Ndiyo maana habari za uvuvi wa Mtera mwezi Julai hazimsaidii sana mtu wa Mafinga.

Hata hivyo, ndani ya bwawa moja halijoto hailingani kila mahali. Lita ya maji ya nyuzi 25 ni nyepesi kuliko lita ya maji ya nyuzi 15 kwa gramu 2 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini yatosha kuyafanya maji ya moto yaelee juu ya yale ya baridi. Usiku usio na mawingu maji ya juu hupoteza joto, huwa mazito, huzama, na mengine hupanda kuchukua nafasi yake. Kufikia alfajiri bwawa lote dogo limekorogeka na kupoa, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote. Jua likitoka, maji hayapati moto upesi, kwani joto linaloongeza nyuzi moja kwenye lita moja ya maji lingeweza kufanya hivyo kwa zaidi ya lita 3,000 za hewa. Penye kina kifupi maji ya kupashwa ni machache, kwa hiyo huko ndiko joto hupanda kwanza. Wakati wa kuvua ni kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi.

Ni ukingo upi? Mwezi Juni na Julai jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwa Mafinga. Misindano iliyopandwa ukingo wa kaskazini hutupa kivuli chake majini, na ukingo wa kusini ndio unaoangaliana na jua. Siku tulivu, kaa kusini. Lakini majira haya upepo mkuu hutoka kusini mashariki, nao husukuma maji ya juu, yale yenye joto, kuelekea kaskazini magharibi. Ukivuma kwa saa kadhaa, fuata upepo, mradi huko kusiwe na kivuli. Kipimajoto kilichofungwa kwenye uzi na kushushwa nusu meta humaliza ubishi haraka kuliko kubahatisha.

Chambo nacho kipungue. Perege hula kwa kufyonza: hufungua mdomo mdogo, maji huingia na chakula, na asichokipenda hukitema papo hapo. Akiwa mzito kwa baridi hafukuzi wala hamezi kwa pupa. Tumia ndoano ndogo, kipande cha nyungunyungu kisichozidi punje ya mahindi, na chubwi jepesi ili chambo kishuke taratibu. Tazama chelezo kwa makini. Wakati wa joto huzama ghafla. Sasa huweza kuinama kidogo tu, au kusogea kando kwa upana wa kidole. Vuta hapohapo, polepole.

Kuna samaki mmoja ambaye kwake mambo haya yote hugeuka. Trauti, aliyeletwa nyanda za juu kutoka nchi za baridi, hupendelea maji ya nyuzi 10 hadi 18 na hutaabika yakizidi 20. Yumo katika baadhi ya mabwawa na vijito vya Mufindi, vingine ndani ya mashamba ya chai ambamo ruhusa ya mwenye shamba huhitajika. Huyu huendelea kula hata Julai, na anayependa kuamka mapema amtafute yeye.