Dondoo muhimu: Kufumua herufi zilizotariziwa kwenye blanketi la farasi

Umenunua blanketi la mtumba na ubavuni lina herufi za jina la mmiliki wa kwanza? Lifue kwanza. Matope hufanya wembe wa kukatia nyuzi uwe butu haraka, na ugonjwa wa choa wa ngozi huhama kutoka farasi hadi farasi kupitia blanketi.

Ukataji wote ufanyike upande wa ndani. Huko utauona uzi wa bobini, mara nyingi mweupe, ukipita katikati ya kila herufi. Kata uzi huo tu, kidogo kidogo, ukiulaza wembe ili makali yasiguse kitambaa. Kisha geuza blanketi, inua uzi wa rangi kwa ncha ya sindano na uuvute. Uzi ukikataa kutoka, rudi upande wa ndani ukakate tena. Usiuvute kwa nguvu, maana hapo ndipo kitambaa huchanika. Vipande vilivyobaki vinase kwa selotepu au uving'oe kwa kibano, kwani vikiachwa vitamkwaruza farasi ubavuni.

Kwenye sufu na pamba, mvuke wa pasi hufunga matundu mengi. Nailoni usiipige pasi ya moto, itayeyuka.

Blanketi la mvua ni habari nyingine. Matundu ya sindano hayazibiki yenyewe na maji yatapenya, kwa hiyo paka gundi ya kuzibia mishono ya mahema. Kama rangi ya kitambaa imepauka na alama ya herufi bado inasomeka, shonea kiraka juu yake. Ukiwa na haraka, anza na kiraka moja kwa moja.