Saa 72: Safari na Timu Kwenda Mombasa

Leo hatuko darasani wala kliniki. Tuko ndani ya basi la timu ya soka ya daraja la chini, kutoka Nairobi kwenda Mombasa, kilomita 480 hivi. Weka kalamu karibu, maana kuna mahali nitakuomba upige hesabu.

Timu yenyewe siitaji, na utaona kwa nini. Niseme tu ni moja ya zile zinazofuata njia ya Mathare. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, basi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1987, katika mitaa ya mabanda ya Mathare, Nairobi, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana kinachoitwa MYSA. Taka zilikuwa zimejaa mitaroni, na taka huleta magonjwa. Kwa hivyo ligi yao ikawekewa sheria ambayo mimi sijaisikia kwingine: ukishinda mechi unapata pointi 3, lakini timu yako ikitoka kusafisha mtaa inapata 6. Fikiria! Fagio moja, ushindi mbili.

Mwaka 1994 chama hicho kikawa na timu ya wakubwa, Mathare United. Mchezaji alikuwa na kazi mbili: kucheza, na kuuhudumia mtaa. Alifundisha watoto mpira, alisafisha mitaro, alizungumza na vijana wenzake kuhusu Ukimwi. Unaweza kudhani mtu kama huyo atafika uwanjani amechoka. Mwaka 1998, wakiwa bado daraja la pili, walibeba Kombe la Moi. Mwaka 2008 wakawa mabingwa wa ligi kuu ya Kenya.

Haya, turudi kwa basi letu. Tuliondoka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Mechi ilikuwa Jumamosi, lakini Ijumaa jioni tulikuwa tunangojewa na wanafunzi wa shule moja ya sekondari Mombasa. Timu hii haichezi ugenini bila kutembelea shule.

Kabla hatujafika Machakos, kocha alisimama katikati ya viti akaanza somo lake la maji. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mombasa kuna joto na unyevu. Jasho linatiririka tu, halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo maana mchezaji wa bara anaweza kuishiwa nguvu kipindi cha pili, kumbe si miguu, ni maji. "Anzeni kunywa leo, msingoje kesho," alisema. "Ukiona mkojo wako umekuwa kama strungi, umechelewa." Kila mmoja alikuwa na chandarua kwenye begi pia, kwa sababu pwani kuna malaria kuliko Nairobi. Ukirudi nyumbani halafu baada ya wiki moja au mbili upate homa, usiseme ni uchovu wa safari. Nenda ukapimwe.

Saa nne asubuhi tukashuka Mtito Andei kunywa chai. Nilikaa meza moja na kapteni na kijana ambaye alinikubalia niandike mradi nisitaje jina lake wala namba ya jezi. Tumwite Winga, ingawa hachezi winga. Ana miaka 21. Hakuwa amegusa chapati yake.

"Kapteni, jana usiku mpira ulipasuka."

Kapteni akaendelea kutafuna. "Mpira upi? Yote iko kwa buti, nimehesabu mwenyewe."

"Si huo, buda. Ule mwingine."

Kapteni akaweka kikombe chini. Alimuuliza mambo mawili tu: ilikuwa saa ngapi, na kama yeye na mpenzi wake, msichana wa miaka 20, wanajua hali zao. Ilikuwa saa nne usiku. Hawajawahi kupima, wote wawili. Winga alikuwa na mpango wake: atacheza mechi, timu itarudi Nairobi Jumapili usiku, halafu Jumatatu saa mbili asubuhi ataenda kliniki anayoijua.

Sasa shika kalamu. Kutoka Alhamisi saa nne usiku hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa ngapi?

Jibu ni 82, na hapo ndipo penye hatari. Kuna dawa za dharura za kuzuia VVU zinazoitwa PEP. Mtu ambaye hana virusi, lakini amekuwa katika hatari, anaweza kupewa ili virusi visipate nafasi ya kujijenga mwilini. Lazima aanze kabla ya saa 72 kwisha, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya kinga hiyo. Virusi vikiingia mwilini havikai mlangoni kungoja Jumatatu. Vinaanza kuzaliana ndani ya chembechembe za damu, na vikishaenea, PEP haiwezi tena kuvitoa. Kwa mpango wa Winga, angefika kliniki saa 10 baada ya mlango kufungwa.

"Mbona tungoje hata Mombasa?" kapteni akasema. "Voi tunapita."

Ilibidi kocha aambiwe, maana basi ni lake. Sitaficha, alikasirika. Usiku wa kuamkia safari mchezaji anatakiwa awe amelala saa tatu. Alitazama saa, akafikiria wale wanafunzi wanaotungojea. Kisha akamwambia dereva tutasimama Voi, na wachezaji wakaambiwa kuna mtu tumbo linamsumbua. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Kwa nini nasema hili ni la maana? Kwa sababu Winga alikuwa anajua. Kondomu ndilo somo lake yeye mwenyewe kila timu inapotembelea shule! Lakini kujua ni jambo moja, na kumwambia mtu "limenipata mimi" ni jambo lingine. Alikuwa tayari kusafiri na siri hiyo siku nne.

Hospitali ya Voi sista alimpokea bila mahubiri. Alimpima kwanza, kwa sababu PEP ni ya mtu ambaye hana VVU. Hakuwa navyo. Akamwuliza ile kondomu aliiweka wapi.

"Kwa waleti, sista. Tangu Krismasi."

Joto na kukaliwa kila siku huichosha kondomu. Mafuta ya kujipaka pia huiharibu ikiwa ni ya mpira. Na tarehe ya mwisho huandikwa kwenye pakiti, iangalie. Winga alimeza kidonge cha kwanza pale pale, saa 14 baada ya tukio, akapewa vingine, kimoja kila siku kwa siku 28. Aliambiwa anaweza kusikia kichefuchefu, lakini asiache hata siku moja. Hadi apimwe tena na kuambiwa yuko salama, kondomu kila mara, au asubiri.

Je, na msichana? Hilo sista ndiye aliyelikumbusha, nasi wanaume watatu tulikuwa tumelisahau. Winga alimpigia simu akiwa kwenye ukumbi wa hospitali. Naye alikuwa na saa zake za kuhesabu: 72 za PEP kama hana virusi, na siku 5 za vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo hufanya kazi vizuri zaidi vikinywewa mapema. Mchana huo alienda hospitali na dada yake.

Shuleni tulifika kwa kuchelewa karibu saa nzima. Wanafunzi walikuwa bado wapo, wamekaa chini ya mwembe. Winga alisema atafundisha. Safari hii hakuanza na kondomu, alianza na saa. Akachora mduara ubaoni, akaandika 72. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono: "Na kama siku nne zimeshapita?"

"Nenda hata hivyo," alijibu. "PEP hutapata, lakini utapimwa, na utaambiwa urudi lini upimwe tena, maana kipimo cha mapema kinaweza kukosa kuona. Ukikutwa na virusi, kuna dawa, na ukizimeza vizuri utaishi. Pia ukilazimishwa na mtu, nenda siku hiyo hiyo. Si kosa lako."

Mechi iliisha 1–1. Winga alitoka dakika ya 60, tumbo limemchafuka kweli sasa. Kidonge cha mwisho alikimeza Alhamisi, wiki nne baadaye, kapteni akimtazama.

Ya kujadili klabuni: Usiku wa Alhamisi, Winga angeweza kumwambia nani? Na wewe, hospitali iliyo karibu na shule yenu inatoa PEP hata Jumapili? Tumeni watu wawili wakaulize.