Somo la Jumuiya: Je, Nesi Akigoma Anakosea?

Somo hili tulilijadili katika jumuiya yetu na nusura tugombane. Tunawaletea nanyi mlijadili.

Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za serikali waligoma kuanzia Juni hadi Novemba, wakidai mkataba wao wa kazi utiwe sahihi. Madaktari nao walikuwa wametoka tu kwenye mgomo wa siku 100. Wao mkataba walikuwa nao tangu 2013, umetiwa sahihi, lakini haukutekelezwa. Hebu fikiri, kungoja miaka mitatu na karatasi mkononi!

Usiku mmoja wa Agosti, mama wa jumuiya yetu alishikwa na uchungu. Zahanati ilikuwa na kufuli. Tukampakia kwenye bodaboda, shemeji yake akimshikilia kwa nyuma, mpaka hospitali ya misheni. Huko tulikuta akina mama wawili wawili kitandani, wengine sakafuni. Alijifungua salama, asante Mungu, lakini bili tuliichangia wiki mbili.

Jumapili yake, mumewe alisimama akasema manesi ni wauaji. Na kumbe pale kwenye benchi ameketi nesi, mwenzetu, aliyekuwa kwenye mgomo. Hakukasirika. Alisimulia alivyozalisha mama kwa mwanga wa simu, stima imepotea na jenereta haina mafuta. Glavu hununua mwenyewe. Usiku hubaki peke yake na wodi nzima. Akamwambia, "Ndugu yangu, miaka yote nilipolalamika juu ya haya, wewe ulikuwa wapi?" Tulinyamaza wote.

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Kifungu cha 43 nacho chasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Haki zote mbili ziko kwenye kitabu kimoja! Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya 1981 juu ya kazi, alikubali mgomo kuwa njia halali, ila ya mwisho, na akataka huduma za lazima kwa jamii ziendelee.

Sisi tunaona hivi: kugoma si dhambi, lakini kufuli kwenye chumba cha kuzalia, hapana. Kliniki za kawaida zingoje. Dharura na uzazi wabaki watu. Nesi wetu alitupinga. Wakibaki wachache, alisema, wakubwa watatulia tu, hawatasikia. Hoja hiyo ina uzito, hatuifichi. Lakini mkubwa ana hospitali yake ya kulipia. Anayeumia ni yule wa bodaboda.

Tena tusiwaachie wao peke yao. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti, na bajeti ya kaunti hujadiliwa na wananchi. Ni wangapi wetu huenda? Mwaka uliofuata yule mume na yule nesi walikwenda pamoja, wakauliza habari ya glavu na mafuta ya jenereta. Jenereta ilipata mafuta. Glavu bado tunafuatilia. Na mwaka 2024 madaktari waligoma tena, siku 56.

Katika jumuiya yenu, ulizaneni: Zahanati yetu ina wauguzi wangapi usiku? Nani kati yetu yuko kwenye kamati yake? Na leo usiku kukiwa na mgomo, mama mjamzito tutampeleka wapi, na kwa pesa ya nani?