SOMO: Mgonjwa wa Kansa Akisema, Tumsikie

Tunawaandikia kutoka Nalufenya, hapa Jinja, ninyi ndugu zetu mlioko kambini. Somo hili ni la familia zenye mgonjwa wa kansa, na la sisi tunaokwenda kuwaombea. Someni kwanza Marko 5:25-34 na Ayubu 2:11-13.

Katika nyumba tunazotembelea, jina la kansa halitajwi sana. Watu husema "ugonjwa ule", au "kidonda kisichopona". Wenyeji wa hapa huiita kookolo, nao pia kwa sauti ya chini. Wengine kutoka kwetu Kivu husema ni sumu, mtu amewekewa. Hatumlaumu mgonjwa. Mtu aliyekwisha kupoteza nyumba na shamba achague mwenyewe lini atatamka neno la kutisha. Lakini jina lisilo lake laweza kumchelewesha. Mtoto anavimba taya, meno yanalegea, wazazi wanasema ni jino tu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa Mulago aliandika juu ya uvimbe huo wa taya za watoto: ni kansa. Hukua upesi mno, ila dawa huushinda mara nyingi mtoto akiwahi. Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoanza Mulago mwaka 1967, ilianza kwa kutibu watoto wa namna hiyo. Taya ikivimba, msingoje.

Sasa tuje kwenye maumivu, maana hapo ndipo watu wetu wanateseka bure. Hakuna mashine ya kupima maumivu. Muuguzi hutegemea maneno ya mgonjwa. Wauguzi wa hospisi hutumia mkono: ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Akijua hivyo ndipo hupima morfini, ile dawa ya maji ya kunywa, akiongeza kidogo kidogo. Hospisi Afrika Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ndiyo iliyoieneza nchini, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Mgonjwa haiuziwi. Wengine huiita dawa ya kufa. Si kweli, hupewa hata anayeendelea na matibabu. Inafunga choo, kwa hiyo muombe na dawa ya kulainisha choo.

Lakini mama amesimama Jumapili akasema, "Nimepona kwa jina la Yesu," na watu wakapiga makofi. Jumatatu muuguzi akimwuliza, anaonyesha ngumi, asije akaonekana hana imani. Usiku anauma shuka ili watoto wasisikie. Sisi tunaamini kwamba Mungu huponya. Hata hivyo yule mwanamke wa Marko 5 alimweleza Yesu kweli yote mbele ya umati, naye hakukemewa. Hezekia aliomba, akalia, kisha akawekewa tini juu ya jipu (Isaya 38). Kumwambia muuguzi "vidole vinne" si kukana imani.

Kuna tena shida yetu wakimbizi. Mgonjwa anajua Kifuliru na Kiswahili, muuguzi anasema Kiganda au Kisoga, na mtafsiri ni mtoto aliyejifunza lugha shuleni. Kansa ya shingo ya kizazi inawashika wanawake wengi Uganda, na mama gani atataja damu ile mbele ya mwanawe wa kiume? Atasema "tumbo". Mtoto naye atapunguza tena, kwa sababu anaogopa. Muuguzi anapata habari nusu, na mama anarudi na vidonge vya tumbo.

Na sisi wageni wa kitandani tuangalie rafiki za Ayubu. Siku saba walikaa chini naye bila neno, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya katika kitabu kizima. Msiulize alikosa nini. Msihadithie jirani aliyekufa kwa kansa hiyo hiyo. Mwulizeni tu, "Mama, leo ni vidole vingapi?" kisha mngoje ajibu mwenyewe, si mume wake.

Dada na mama wanaojua Kiganda au Kisoga vizuri, na wanaoweza kutunza siri, wampe mzee wa kanisa wa eneo lao majina yao, ili siku ya kliniki mtoto abaki shuleni.