Deni la Taifa Liko Mikononi mwa Nani?

*Ninauza nafaka hapa Bomani, Tarime. Kijiweni wanasema wageni wamelinunua deni letu na sasa wanaiamuru Benki Kuu. Nina akiba ya milioni mbili. Nikinunua hatifungani itakuwa salama? – Msomaji*

Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kazi Juni 1966, ni mali ya serikali. Hakuna mgeni mwenye hisa. Mwenye mamlaka ya kukopa ni Waziri wa Fedha. Benki Kuu huendesha minada ya hatifungani kama wakala wa serikali, na tangu Januari 2024 hutangaza riba yake elekezi.

Deni lina mafungu mawili. La nje ndilo kubwa. Miongoni mwa wadai wake ni Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hulipwa kwa fedha za kigeni, hivyo shilingi ikishuka, marejesho hupanda. La ndani hushikwa zaidi na mabenki na mifuko ya pensheni. Wakazi wa Afrika Mashariki waliruhusiwa kununua hatifungani mwaka 2014, kwa hiyo Mkenya wa ng'ambo ya Sirari anaweza kuwa mdai, lakini hapati sauti katika Benki Kuu.

Mwenye akiba huanzia shilingi milioni 1, kupitia benki au dalali mwenye leseni, na hulipwa riba kila miezi 6. Akiuza kabla ya muda, anaweza kupata bei pungufu; fedha za ada na za msimu zibaki benki. Akiambiwa atume malipo kwenye simu ya mtu binafsi, asitume. Aulize tawi la Benki Kuu, Mwanza.