Nyumba Hukaa, Kazi Hubadilika

Katika nchi ya Turkana nyumba haina haja ya kubadili kazi yake. Malisho yakiisha, ngozi na vyombo hupakiwa juu ya punda, watu na mifugo huondoka, na boma jipya, ambalo Waturkana huliita awi, hujengwa mahali palipo na nyasi na maji. Wajenzi ni wanawake. Mke hukata fito, akazikunja, akaziezeka kwa majani ya mkoma unaoota kando ya mto Turkwel na makorongo mengine, na hiyo ndiyo akai yake. Boma lililoachwa humalizwa na upepo na mchwa. Kazi ya nyumba ni ile ile iliyokuwa tangu zamani, yaani kulala, kutunza watoto na kuhifadhi maziwa. Kinachohama ni nyumba yenyewe.

Wajengao kwa mawe wamo katika hali iliyo kinyume cha hiyo. Nyumba yao haihami, nayo huishi kuliko mwenyewe aliyeijenga. Kwa hiyo kazi ndiyo inayohama, ikaingia nyingine na kutoka, wakati kuta zimesimama pale pale. Mtu apitaye mjini Lodwar, au katika njia za Kakuma, huona mambo hayo kwa macho yake, ingawa chanzo cha desturi hiyo huenda kikatafutwa mbali sana.

Hapo kale katika nchi ya Uingereza, kila shamba kubwa lilikuwa na bwana wake, na bwana huyo alikuwa na nyumba yake kubwa. Isidhaniwe kwamba nyumba hiyo ilikuwa ya starehe tu. Ukumbi wake ulikuwa baraza la hukumu. Wakulima walikuja humo kulipa kodi, kushitakiana juu ya mipaka na ng'ombe waliopotea, na kupokea amri ya siku za kumlimia bwana. Baadaye mahakama za mfalme zilipopata nguvu, ukumbi ule ukakosa mashauri, ukawa mahali pa kulia chakula na kupokea wageni. Matajiri wakaongeza vyumba, ngazi, bustani na mabwawa, wakashindana kwa fahari. Kisha ikaja kodi ya urithi ya mwaka 1894, ambayo iliwalazimu warithi wengi kuuza mali, na baada yake vita vya mwaka 1914. Majumba mengi yaligeuzwa hospitali za askari waliojeruhiwa. Mengine yakawa shule, mengine hoteli. Mamia yalibomolewa katika karne ya 20, maana hapakuwa na mtu wa kulipia paa. Yaliyookoka aghalabu ni yale yaliyopata kazi mpya mapema. Jumba lisilo na kazi halikudumu hata likiwa zuri namna gani.

Mfano mmoja wa majumba ya namna hiyo wapasa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa habari zake zimefungamana na habari za Lodwar. Nalo si la shamba, bali la mjini London. Liliamriwa kujengwa mwaka 1825 na Duke wa York, ndugu yake Mfalme George wa Nne. Duke alifariki mwaka 1827 kabla halijakwisha, na jumba likachukuliwa na Marquess wa Stafford, mmoja wa matajiri wakubwa wa Uingereza. Kwa muda wa miaka mingi likaitwa Stafford House, likajulikana kwa karamu na ngazi yake kubwa. Mwaka 1912 likanunuliwa na William Lever, mtengenezaji wa sabuni ya Sunlight. Yeye alizaliwa katika jimbo la Lancashire, akalibandika jumba jina la Lancaster House, kisha akalitoa kuwa mali ya taifa. Nyumba iliyoanzishwa na mwana wa mfalme ikaja ikanunuliwa kwa faida ya sabuni! Tangu mwaka 1914 ilikuwa makumbusho ya mji wa London. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia makumbusho yakaondolewa, na Serikali ikaitumia kwa wageni na mikutano.

Hapo ndipo jumba hilo lilipoingia katika historia ya Kenya. Mwezi wa Januari 1960 ulifunguliwa humo mkutano wa kwanza wa katiba, chini ya Waziri wa Makoloni, Iain Macleod. Wajumbe Waafrika waliongozwa na Ronald Ngala, na katibu wao alikuwa Tom Mboya. Shauri la kwanza lililozuka halikuhusu katiba, lilihusu mlango. Wajumbe walitaka Mbiyu Koinange awe mshauri wao, na wengine wakakataa kabisa kuketi pamoja naye. Waafrika wakagoma kuhudhuria siku za mwanzo. Mwisho ikapatikana njia ya kati: Koinange akapewa kibali cha kuingia katika jumba, lakini si katika chumba cha mkutano. Ni vigumu kupata mfano ulio dhahiri zaidi wa nguvu iliyomo katika chumba kimoja tu cha nyumba.

Na wakati huo huo, mtu ambaye jina lake lilitajwa kuliko la mjumbe ye yote alikuwa amekaa Lodwar.

Jomo Kenyatta alikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952, yeye na wenzake Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kungu Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko wakashitakiwa Kapenguria. Hapakuwa na mahakama yenye nafasi ya kutosha, na kesi ikasikilizwa katika jengo la shule. Darasa likawa chumba cha hukumu, na tarehe 8 Aprili 1953 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufani yake, lakini hakuachiliwa huru. Wengine walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa ya Turkana. Kenyatta alikuwa mzee kuliko wote, naye akapewa kazi ya kuwapikia wenzake badala ya kuvunja mawe.

Lokitaung na Lodwar hazikuchaguliwa kwa bahati. Wilaya za kaskazini zilikuwa zimefungwa kwa sheria, na mtu wa nje hakuweza kuingia bila ruhusa. Wenyeji wa Turkana walikuwa wamewekwa mbali na mambo ya nchi kwa miaka mingi. Walifanyiwa hivyo wakiwa huru, bila kushitakiwa kwa kosa lo lote, na yafaa jambo hilo likumbukwe kila habari za wafungwa mashuhuri zinaposimuliwa. Jangwa lenyewe lilitumiwa kama ukuta wa gereza.

Mwezi wa Aprili 1959 kifungo kilikwisha, lakini Kenyatta hakurudishwa kwao. Alihamishiwa Lodwar, akapewa nyumba ya Serikali ya kukaa chini ya amri ya kizuizi. Mkewe, Mama Ngina, aliruhusiwa kuja kukaa naye. Mara mbili kila siku ilimpasa kujionyesha kwa wakubwa wa wilaya. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa makao ya mtu na mkewe, tena ilikuwa gereza, na kazi hizo mbili zilifanyika chini ya paa moja.

Kisha ikaongezeka kazi ya tatu, ambayo haikuamriwa na mtu. Mwaka 1960 chama cha KANU kilipoundwa, wanachama walimchagua Kenyatta kuwa rais wao angali kizuizini, na Serikali ikakataa kukiandikisha chama kwa jina lake. James Gichuru akashika kiti kwa niaba yake. Mwezi wa Mei mwaka huo Gavana, Sir Patrick Renison, alitangaza kwamba Kenyatta ni kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Maneno hayo hayakumpunguzia mtu wa Lodwar heshima, bali yalimzidishia. Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, na KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta atakapoachiliwa. Mwezi wa Machi viongozi wa vyama vyote viwili wakapanda ndege, wakaenda Lodwar kumwona. Waliokuwa wakikaribishwa katika Lancaster House sasa walilifuata neno la mtu aliyeketi katika joto la Turkwel. Serikali ilitaka nyumba hiyo iwe mwisho wa safari ya mtu mmoja. Ikawa mahali ambapo safari za wengine ziliishia.

Mapema mwezi wa Aprili 1961 Kenyatta alihamishiwa Maralal, na mwezi wa Agosti akarudi Gatundu. Mwaka 1962 aliketi katika Lancaster House akiongoza ujumbe wa KANU, na mwaka 1963 akaketi humo tena, kabla ya uhuru wa tarehe 12 Desemba.

Baada ya hapo majengo hayo ya kizuizini yalipata kazi ya kukumbusha. Nyumba ya Maralal ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1977. Gereza la Kapenguria lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1993, na wageni huingia katika vyumba vya wafungwa kwa hiari yao. Nyumba ya Lodwar ingali ikijulikana kwa jina la Kenyatta House. Mji unaoizunguka umegeuka sana. Tangu mwaka 2013 Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana, na gavana wake huchaguliwa na Waturkana wenyewe kwa kura.

Mageuzi ya namna hii si mapya katika Kenya. Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 ili kuilinda bandari. Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira muda wa karibu miaka mitatu. Ikawa makao ya watawala, kisha kambi ya askari wa Sultani, na mwaka 1895 Waingereza wakaifanya gereza. Wafungwa walikaa humo mpaka mwaka 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Yumkini ngome hiyo imesalimika kwa sababu haikupata kukaa bure. Hata miaka ya gereza, pamoja na uchungu wake wote, iliendelea kuwapo watu wa kuziba nyufa.

Lakini majengo ya kukumbusha yana udhaifu mmoja. Nyumba inayokaliwa hutengenezwa na mkaaji, kwa kuwa mvua ikivuja humlowesha yeye. Nyumba ya kumbukumbu humngoja mtu wa mbali aidhinishe fedha. Kwa hiyo iliyo bora ni ile inayopewa kazi ya kila siku pamoja na kazi ya kukumbusha: chumba cha kusomea, darasa la watoto, mahali pa wazee kusimulia habari. Kuta za Lodwar zina habari za Kenyatta. Habari za Waturkana walioishi chini ya sheria ya wilaya iliyofungwa hazijapata kuta zake. Nyumba moja yatosha kuhifadhi habari hizo zote mbili.

Yapata kilomita 120 kutoka Lodwar kwa njia ya kaskazini-magharibi, jambo hili latendeka kwa haraka kuliko lilivyotendeka London. Mwaka 1992 vijana wengi wa Sudan, waliokuwa wamefukuzwa na vita na kuhama tena kutoka Ethiopia, walifika Kakuma kwa miguu. Wakatandikiwa maturubai, na watu wakadhani ni kwa muda mfupi. Wakaja pia Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Maturubai yakafuatwa na kuta za matofali ya udongo, na kuta zikafuatwa na milango yenye vibao vya bei. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 katika Kakuma. Chumba cha mbele kilichojengwa kwa kulala kimekuwa duka la unga, kinyozi, mgahawa, au mahali pa kuchaji simu, na jamaa wamesogea nyuma. Kiwanja si mali ya mwenye duka, na korongo la Tarach likifurika hubomoa bila kuuliza ni duka au ni nyumba.

Mwaka 2016 makao mengine yalifunguliwa Kalobeyei, yakiwa yamepangwa tangu mwanzo ili wakimbizi na wenyeji watumie shule na hospitali kwa pamoja. Huko jamaa wengi walipewa fedha mkononi, wakatafuta mafundi na kujijengea nyumba za kudumu. Wanawake wa Kiturkana huwauzia makaa na kuni, na jioni wengine wao hurejea katika akai za majani ya mkoma, zitakazoachwa nyasi zikiisha. Wenye nyumba za matofali hubaki, wakipima kama ukuta wa mbele waweza kutobolewa dirisha la kuuzia.